Saa ya Koboko Mkutanoni Kampala

Nasikia mwaka huu mnapelekwa ninyi. Vizuri. Bebeni sweta.

Ukumbi ule wa Kampala wanaupoza kama friji ya samaki. Mara ya kwanza nilikwenda na gurbaba, nguo nyepesi tunayojifunga sisi wanawake wa Kinubi tukitoka rasmi, na mtandio mmoja. Kufika saa nne asubuhi meno yananigongana, nikadhani malaria imenipanda. Kumbe ni mashine ukutani. Nikaomba waizime. Kijana mmoja mwenye beji akaniambia kwa heshima kwamba haizimwi, kompyuta zinataka baridi. Nikamwambia, basi kompyuta zipewe chumba chao.

Kwa wasionijua: mimi nilikuwa mkuu wa stoo ya Arua katika kampuni hii hii inayowalipa ninyi sasa. Tunanunua simsim, wengine huita ufuta, na asali kwa wakulima, Arua, Koboko, Inde, Omugo. Tunasafisha, tunapakia, lori linaondoka. Shule niliachia darasa la nne. Wengi wenu mna diploma na mimi sina neno na diploma. Mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu mkutano, nami naandika. Lakini siwezi kueleza mkutano bila kueleza stoo, kwa hiyo vumilieni.

Mkutano wenyewe ni wa watu wanaotumia mfumo mmoja. Wenye mfumo, yaani ile kampuni ya Kampala iliyotengeneza programu tunayopimia na kutolea risiti, huwaita wateja wao wote mara moja kwa mwaka: wenye kahawa, wenye maziwa, wenye pamba, wenye simsim kama sisi. Wanaonyesha vitu vipya, mnapiga makofi, mnakula, mnapewa mfuko wenye chupa ya maji na fulana isiyokutosha. Fulana hizo mimi nimezifanya vitambaa vya kufutia mizani. Ni pamba nzuri.

Mwaka ule wa kwanza nilifanya jambo ambalo Isaka hajaacha kulicheka. Isaka ni ofisa wetu wa mfumo pale makao makuu. Mnamjua, ndiye mnayempigia simu mkisahau pasiwadi. Niliingia ukumbini, nikaona watu wamekaa meza meza, nikaanza kusalimia. Kwetu huingii mahali penye watu ukakaa tu kama umedondoka kutoka darini. Nikashika mkono wa kila mtu, meza ya kwanza, ya pili: hamjambo, mmefikaje, nyumbani wazima, mvua kwenu imenyesha? Watu wa maziwa wakanijibu vizuri. Watu wa benki walikuwa wanaangalia simu, nikasimama nikangoja waziweke chini. Nilipofika katikati ya ukumbi taa zimezimwa, muziki umefunguliwa, mkubwa wa wenye mfumo amepanda jukwaani, na mimi bado nimeshika mkono wa bwana mmoja wa pamba.

"Haboba," Isaka ananivuta. Haboba ni bibi, kwa lugha yetu, na ofisi nzima waliniita hivyo. "Haboba, kaa, wameanza."

"Nusu yao sijawasalimia."

"Utawasalimia mwaka ujao."

Na kweli, mwaka uliofuata nilianzia upande ule mwingine.

Sasa sikilizeni mambo ya jukwaani. Pale juu kila kitu kinafanya kazi. Mtu anagusa skrini, gunia linapokelewa, risiti inatoka, mkulima kwenye picha anacheka. Watu wanapiga makofi kwa sababu ya kitufe. Msipige makofi. Ninyi ulizeni swali moja tu: hii inafanya kazi bila netiweki? Wakisema ndiyo, ulizeni tena: mmejaribu wapi? Wakisema wamejaribu Kampala, andikeni kwamba hawajajaribu. Mimi nilikuwa nauliza kila mwaka mpaka wakanizoea, nikisimama tu yule wa jukwaani anasema, "Ndiyo, Jaja, bila netiweki." Jaja ni bibi kwa Waganda. Nimekuwa bibi wa watu wengi kule.

Na msikae meza moja na wenzenu wa ofisi. Mtaongea habari za ofisi, na hizo mnazo bure nyumbani. Kaeni na watu wa mbali wenye shida kama zenu. Hilo nililijua kwa kuchelewa, nitafika huko.

Kabla ya tableti tulikuwa na mizani ya kuning'iniza na Mzee Ramadhani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtoto wa askari wa zamani na alipanga magunia kama gwaride. Gunia likichomoza alikuwa analipiga kofi. Alinifundisha kushika bambo, ule mkuki mfupi wenye tundu tunaochomea gunia kutoa sampuli, na kuchoma chini kwanza, si juu, kwa sababu juu ndiko mtu anakopanga simsim nzuri. Alinifundisha kufumba kiganja: simsim kavu inatoroka kati ya vidole, mbichi inakaa kimya. Kuimwaga juu ya kitambaa cheusi, kupuliza, kuangalia kinachobaki.

Mkulima akianza kujitetea sana, Mzee Ramadhani alikuwa na neno lake. "Maneno weka chini. Mwaga gunia." Hakuwa anamshuku mtu. Alitaka yeye na mkulima waangalie kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wakishakiangalia, ubishi unaisha wenyewe, au unabaki mdogo wa kubeba mkononi.

Kisha zikaja tableti na mizani ya umeme inayozungumza na tableti. Kuna watu walitegemea nitazililia zile za kuning'iniza. Sikuzililia. Ile mizani ya zamani ilikuwa inanivunja bega, na mkulima alikuwa hana risiti ya maana. Mfumo ni kitu kizuri. Shida yake ni kwamba ukishasema jambo, hauoni haya, na watu wanauamini kuliko jirani yao.

Ndiyo nifike kwa Kiden.

Kiden ni Mkakwa wa Koboko, ndiye aliyekuwa mpimaji wa stoo yetu ya kule. Mikono safi, ulimi mkali. Mtu akileta simsim yenye mchanga anamuuliza mbele ya foleni, "Baba, leo unatuuzia mazao ama unatuuzia shamba?" Wakulima walimwogopa na walimtaka yeye tu.

Msimu mmoja mfumo ukaanza kumwekea alama nyekundu. Alama nyekundu ni mfumo unasema: angalieni hapa. Stoo ya Koboko inafunguliwa saa mbili asubuhi. Risiti za Kiden, siku nyingine siyo zote, zilionyesha ameanza kupima saa moja. Kwa mtu wa nje hilo si kitu. Kwa mtu wa stoo ni kitu kibaya. Mpimaji anayepima kabla ya mlango kufunguliwa ni mpimaji anayenunua simsim yake mwenyewe langoni kwa bei ya kumwonea mkulima, kisha anaiingiza kama mali ya kampuni. Tumewahi kuwa nao wa namna hiyo. Niliwafukuza mwenyewe.

Isaka akatumwa Koboko. Akafika siku ya soko, foleni imejaa, akamwomba Kiden tableti. Wakulima wakauliza kuna nini. Isaka si mtu mbaya, ila hajui kunyamaza akiulizwa. Akasema, "Anapima mlango ukiwa umefungwa." Basi. Kufikia jioni soko lote lilikuwa limemaliza kulitafuna, na wanawake wa mihogo wakampa Kiden jina: Saa Moja. Akipita, "Saa Moja, umeamkaje?" Kukatokea msiba kwa majirani, yeye aliyekuwa akigawa nyama miaka yote, kisu akapewa mwingine. Hakuna aliyesema kwa nini. Kisu tu kilipita mbele yake.

Makao makuu wakasema mwisho wa mwezi nafasi yake itapewa mtu mwingine moja kwa moja.

Nilikwenda kwake kabla ya kusafiri. Nilimkuta anapepeta mtama, hakusimama.

"Mama Stoo, unaenda Kampala kula kuku."

"Nitakula. Na nitauliza."

"Utauliza nini? Mimi nilisema na Isaka. Nilisema, ile saa iko ya ng'ambo. Hapa Koboko simu inashika mnara ya Kongo, saa inarudi nyuma, kila mutu anajua. Nani hapa anauliza simu saa ngapi? Sisi tunaangalia jua, tunasikia adhana. Tableti nayo iko vile vile."

"Na Isaka akasemaje?"

"Isaka anasema, saa ya mfumo inatoka makao makuu, si kwa tableti. Iko kwa kitabu chao." Akapuliza makapi. "Kitabu wanaamini, mimi hapana."

Mimi nilikuwa katikati. Niwaambie ukweli, sikujua. Kweli simu za Koboko hurudi nyuma saa nzima zikishika mnara wa Kongo, ng'ambo ya mpaka, maana saa ya kule iko nyuma ya yetu. Hata yangu ilishanifanya niende mkutano wa kampuni watu wameshatawanyika. Lakini mwongozo wa mfumo nao ulisema alivyosema Isaka, nilisomewa. Na nimeshaona wezi wenye mikono safi. Nilimwangalia Kiden, na yeye akaona ninavyomwangalia.

"Usiniombee huruma huko," akasema. "Mimi hapana taka huruma. Uliza tu ile saa inatoka wapi."

Nikaondoka na swali hilo moja.

Mkutanoni mwaka huo wenye mfumo walileta jambo jipya. Waliweka ubao mkubwa ukumbini. Kila mteja aandike ombi lake kwenye karatasi, libandikwe, kisha watu wapige kura. Maombi yenye kura nyingi ndiyo yatakayofanyiwa kazi mwaka huo. Nikamwambia Isaka aniandikie kwa Kiingereza: tableti ikiwa mpakani inachukua saa wapi?

"Haboba," akasema kwa sauti ya chini, "mambo ya nyumbani tunayaleta mbele ya watu wa maziwa?"

"Watu wa maziwa nimewasalimia. Andika."

Akaandika. Herufi ndogo, akabandika chini kabisa pembeni, mahali mtu anafika akiwa anatafuta kalamu iliyomdondoka.

Tukagawiwa stika za duara, nyekundu, kila mtu chache. Sasa hapo ndipo sisi watu wa West Nile, huku kwetu Arua na Koboko, tulipojiaibisha, na hili nawaeleza ili ninyi msilirudie. Mnajua kura za kijiji kwetu zinavyopigwa. Wanasimama wagombea, watu wanapanga mlolongo nyuma ya wamtakaye, milolongo inahesabiwa mchana kweupe na kila mtu anaona shemeji yake amesimama wapi. Mimi kura ninayoijua kwa jambo la pamoja ni hiyo. Kwa hiyo nilipopewa stika nilielewa kwamba ni alama ya kuonyesha wewe ni mpiga kura halali, si mpita njia. Nikazibandika kifuani. Bwana mmoja wa ghala la Omugo tuliyekaa naye, kuniona mimi mzee nimebandika, naye akabandika. Tukakaa wima tukingoja kuitwa tusimame.

Nilikuwa nimeshachagua pa kusimama. Nilijua nitasimama mbele ya karatasi yangu, na nilijua watu wa maziwa watakuja nyuma yangu, kwa sababu niliwaulizia mvua.

Tukanywa chai. Tukarudi. Ubao umeondolewa. Akapanda jukwaani mama mmoja wa wenye mfumo, Madamu Doreen, mkubwa wa mafundi, miwani juu ya kichwa, anasoma maombi yaliyoshinda. Kubadilisha rangi za skrini kumeshinda. Sisi hatumo. Isaka akaenda kuuangalia ubao ulikoegeshwa ukutani, akarudi.

"Ombi letu lina kura moja."

"Milolongo hatujapanga bado."

Isaka akaniangalia kifuani. Akamwangalia bwana wa Omugo kifuani. Nitampa haki yake: hakucheka pale pale. Alitoka nje kwanza.

Sasa mwisho wa mwezi unakuja, nami nimekaa na kura za Kiden kwenye nguo yangu kama vifungo. Mtu wa umri wangu anaweza kukaa kwenye aibu muda mrefu, kiti chake anakijua. Lakini kuna kitu kilinisumbua. Kura moja. Mimi sikubandika, wa Omugo hakubandika, Isaka aliona haya hakubandika. Ni nani huyo mwenye shida yetu?

Nikaingia kwenye foleni ya chakula, si kwa ajili ya chakula. Nikaanzia nyuma kwenda mbele, namuuliza kila mtu: wewe ndiye uliyebandika stika kwenye karatasi ya saa? Wengine walidhani naomba kura, wakasema wameshamaliza. Karibu na sufuria ya matoke nikampata bwana mmoja mfupi, kofia mkononi, sahani imejaa.

"Ya saa? Njo mimi nilibandika, Mama." Akaniangalia. "Lakini mbona wewe kura zako umezivaa?"

"Endelea na habari ya saa."

Alikuwa anaitwa Baluku, mnunuzi wa kakao Bwera, mpakani kule magharibi, daraja moja tu na Kongo. "Mama, kwetu hiyo iko shida kubwa. Batu bananiuliza kila siku, Baluku, unapima kakao usingizini? Alama nyekundu inatoka kama surua. Kampuni yangu ni mimi na bibi yangu, mama ya batoto, kwa hiyo hakuna wa kunifukuza. Bibi alijaribu."

Nikamwambia habari ya Kiden. Akaacha kutafuna.

"Huyo walimfukuza?"

"Mwisho wa mwezi."

Akaweka sahani chini ikiwa bado na nyama. "Twende kwa wenye kitu."

Mafundi walikuwa na meza yao nje ya ukumbi, ya kusaidia watu wenye maswali. Msiipite meza ile kamwe. Ndiyo mkutano wenyewe, mengine ni muziki. Madamu Doreen alikuwa hapo anakunywa soda. Kiswahili chake kidogo, Kiingereza changu kidogo, kwa hiyo Isaka akaitwa kutafsiri. Nikaeleza. Nilieleza kila kitu: Koboko, mnara, saa mbili, saa moja, Kiden, siku ya soko, tableti kuchukuliwa mbele ya watu, kisu cha nyama. Nilimaliza nikavuta pumzi.

Isaka akatafsiri. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya.

"Isaka," nikasema, "maneno yangu mengine umeyaacha wapi?"

"Nimefupisha, Haboba."

"Sikukuagiza ufupishe. Kiden yuko wapi humo? Sikumsikia jina. Na wewe mwenyewe uko wapi? Nilikutaja."

Baluku akageuka akaangalia ukuta, mabega yanamtikisika. Madamu Doreen hakuelewa maneno lakini alielewa sauti, akaweka soda chini na kumwambia Isaka jambo kwa Kiingereza, na hilo nililielewa mwenyewe: aseme yote, hana haraka. Isaka akajikohoza. Akaanza upya. Safari hii alimtaja Kiden. Alipofika kwenye siku ya soko akasimama kidogo, kisha akasema, "I took it." Alisema mwenyewe. Sikumsukuma.

Madamu Doreen akauliza kama tunaweza kumwonyesha. Kampala saa hairudi nyuma. Nilikuwa na maneno tu. Lakini Baluku hasafiri bila tableti yake, anailalia kama mto. Akaifungua mezani, akashusha risiti za Bwera, na alama nyekundu zikatoka kweli kama surua. Nikamkumbuka Mzee Ramadhani. Hapo gunia lilimwagwa.

Doreen akavuta kiti. Akakata data kwenye tableti ya Baluku. Akarudisha saa nyuma kwa mkono, saa nzima. Akapima kitu cha uongo, akaandika ni gunia la kakao, akatoa risiti. Tukainamia skrini wote wanne, vichwa vinagusana. Risiti ilikuwa ya saa iliyopita.

Isaka ndiye aliyeanza. "Mwongozo unasema saa inatoka makao makuu."

"Inatoka makao makuu ikiwa na netiweki," Doreen akasema, na Isaka akatafsiri neno kwa neno bila kuambiwa. "Isipokuwa na netiweki inachukua ya tableti yenyewe. Na ikishika mnara wa nchi nyingine, netiweki yetu haina, lakini saa ya mnara ule inaichukua. Hilo mwongozo haukulisema. Ni kosa letu, si la mpimaji wenu, na si lako wewe."

Kwa hiyo Isaka alisoma sawa, na Kiden alisema sawa. Kitabu ndicho kilichoishia njiani. Nawaambia hivyo kwa sababu nimesikia baadhi yenu mkisimulia kwamba Isaka alikuwa mjinga. Hakuwa.

Doreen akasema kurekebisha programu kutachukua muda wake, kura au bila kura. Lakini kuna kitufe kwenye mipangilio ya tableti, kinachoruhusu saa kujibadilisha yenyewe. Kizimwe. Kwenye tableti za Koboko kimezimwa mpaka leo. Msikiguse. Mkikuta kimewaka, zimeni, kisha ulizeni nani amekiwasha.

Isaka akasogea kando, akapiga simu kwa mkurugenzi wetu. Aliongea muda mrefu kwa Kiganda, mkono mmoja kichwani. Hakuniomba nimtetee, wala sikumtetea. Baluku akarudi kwenye sahani yake akakuta imeshaondolewa. Nikampa mfuko wangu wa zawadi na fulana. Yeye ilimtosha.

Mkurugenzi alikubali mara moja. Kiden arudi kazini, atumiwe ujumbe. Isaka akautuma tungali Kampala. Jibu halikuja kwake, lilikuja kwangu, kwa sauti.

"Mama Stoo, nimesoma. Mwambie asante. Lakini mimi sikuitwa mwizi na simu. Niliitwa na mdomo, mbele ya batu. Ule mdomo ukuje."

Nikamshikisha Isaka simu asikilize mwenyewe. Akasikiliza mara mbili.

"Haboba, ni lazima siku ya soko?"

"Ulimchukulia tableti siku gani?"

Akanirudishia simu, akaitikia kwa kichwa.

Tulifika Koboko asubuhi ya soko, foleni tayari imefika kwenye banda la mihogo. Kiden alikuwa amevaa kitenge kipya, amesimama nje ya stoo pamoja na wakulima, si ndani. Wale wanawake wa mihogo waliacha kupima mihogo. Mmoja akaita, "Saa Moja, leo umechelewa!" na wenzake wakacheka. Kiden hakugeuka.

Isaka akamnyooshea tableti. Hakuipokea. Mikono aliifunga nyuma.

"Sema kwanza."

Isaka ana Kiswahili kizuri, lakini siku hiyo kilikuwa kimemwacha njiani. Akaangalia tableti, akasema kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi upande wa mfumo na kwamba ofisi imelishughulikia suala hilo.

"Hatusikii!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, ameegemea gunia lake.

"Na tuliosikia hatujaelewa," mwanamke mmoja akaongeza.

Kiden akamwambia Isaka, bila ukali, kama anavyomwambia mkulima afungue gunia upya, "Rudia. Sema kama ulivyosema ile siku."

Isaka akainua kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka na Koboko hakuna mashine ukutani. Safari hii alisema kwa sauti ya soko, ikafika kwenye mihogo na kupita.

"Kiden hakupima mlango umefungwa. Saa ya tableti ilikuwa ya uongo. Yeye alisema ukweli, mimi nikasema hapana. Mimi nilikosea."

Yule mwanamke aliyeita Saa Moja akainama akaanza kupanga mihogo yake ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

"Sasa tumesikia," mzee wa nyuma akasema. "Pimeni basi, jua linatuchoma."

Kiden akapokea tableti. Akaifuta skrini kwa pembe ya kitenge, akapita katikati ya watu, akaingia ndani, akasimama mahali pake.

"Haya," akasema. "Nani wa kwanza?"